Nani Ahesabu Kalori?

Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilomita 20 hivi, na ndani ya umbali huo mtu anaweza kujiandalia kiamshakinywa kizima bila kununua kitu kilichotengenezwa kwingine. Maziwa ni ya Brookside, Ruiru. Mkate ni wa Broadways, Thika, na juisi ni ya Kevian, Thika pia. Akitaka kukaanga yai, mafuta ni ya Bidco, hapo hapo Thika. Ugali wa jioni unaweza kuwa wa unga wa Capwell, na nanasi limetoka mashamba ya Del Monte, yanayoanzia nje kidogo ya mji na kuendelea mpaka Murang'a. Ruiru ina hata mtaa unaoitwa Kimbo, jina ambalo mgeni hulidhania tangazo la mafuta ya kupikia ya mkebe yenye jina hilo. Ninavitaja viwanda hivi kwa sababu wakazi wa eneo hili wanaishi mahali ambapo kalori hutengenezwa, hupakiwa kwenye malori na kusafirishwa. Wengi wao ndio wanaozitengeneza.

Swali ni hili: anayetaka afya, au anayetaka kupunguza mwili, ahesabu kalori au aangalie aina ya chakula? Huku linaulizwa na watu wawili wasiofanana. Wa kwanza anaishi kwenye nyumba ya kupanga Ruiru na anafanya kazi ofisini Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 iliukuta mji wa Ruiru na watu karibu 490,000, na sehemu kubwa ya ukubwa huo imeletwa na barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012. Mtu huyu hukaa ofisini mchana kutwa, hukaa kwenye matatu asubuhi na jioni, kitambi kimeanza, na kliniki imemwambia presha imepanda. Amejiunga na jimu na ameweka programu ya kuhesabu kalori kwenye simu. Wa pili ni kibarua wa kiwandani Thika, anaishi Makongeni au Kiandutu, na ana shilingi mia moja ya chakula cha mchana. Neno kalori huenda hajalitamka tangu atoke shule, lakini hesabu anaifanya kila siku: kwa mia hii, nitashiba mpaka saa ngapi? Makala nyingi za lishe humjibu wa kwanza na kumsahau wa pili, ilhali wa pili ndiye mwenye hesabu kali zaidi.

Tuanze na yule wa ofisini, kwa sababu sayansi nyingi imefanywa kwa ajili ya watu kama yeye.

Hesabu ya kalori ina zaidi ya miaka mia moja. Wilbur Atwater, mkemia wa Marekani, ndiye aliyetuachia kanuni tunayoitumia mpaka leo: gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4, gramu ya mafuta ina 9. Mwaka 1918 daktari Lulu Hunt Peters aliigeuza kanuni hiyo kuwa kitabu cha kupunguza mwili, na tangu hapo kuhesabu kumekuwa shughuli ya watu wa kawaida. Msingi wake ni wa kweli. Nishati inayoingia mwilini ikizidi inayotumika, mwili huiweka akiba, na akiba hiyo ni mafuta. Anayebisha hapo anabishana na fizikia.

Ushahidi unaopendwa zaidi na wafuasi wa kalori ni wa Mark Haub, mwalimu wa lishe katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mwaka 2010 alikaa wiki kumi akila hasa keki tamu za madukani na vitafunio vya pakiti, lakini hakuvuka kalori 1,800 kwa siku. Alipungua kilo 12 hivi. Kilichowashangaza wengi zaidi ni kwamba hata kolesteroli yake mbaya ilishuka. Basi kwa nini tusimalizie hapa, tumwambie mtu wa Ruiru ale mandazi matatu na asiwe na wasiwasi?

Kwa sababu Haub ni mwalimu wa lishe aliyejua kupima, alijua siku ya kumaliza, na alikuwa akiongezea kidonge cha vitamini, kinywaji cha protini na mboga kidogo. Alithibitisha kwamba hesabu ni ya kweli. Kwamba watu wanaweza kuishi nayo ni jambo jingine, na hilo hakulithibitisha.

Mpe hesabu hiyo mtu anayekula kwenye kibanda. Mwaka 2018 Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na FAO walitoa majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Kenya, kazi nzuri inayostahili kujulikana kuliko inavyojulikana. Kwa hiyo si kweli kwamba chakula chetu hakina takwimu. Tatizo liko kwenye mkono wa mpishi. Chukua chapati moja yenye gramu 70 za unga wa ngano: unga huo una kalori 250 hivi. Mpishi akitumia gramu 10 za mafuta, chapati inafika 340. Akitumia gramu 20, inafika 430, na kwa macho zote mbili zinafanana. Mtu akila chapo mbili na dondo, programu ya simu inaweza kukosea kwa kalori 180 kabla haijafika kwenye maharagwe. Viazi ni vile vile: gramu 100 za viazi vya kuchemsha hazifiki kalori 90, lakini gramu 100 za chipsi hukaribia 300, na tofauti yote ni mafuta yaliyoingia na maji yaliyotoka.

Juu ya hayo kuna kujidanganya. Utafiti wa Lichtman na wenzake uliochapishwa mwaka 1992 uliwapima watu walioshindwa kupungua wakidai wanakula kidogo, ukakuta wanaripoti karibu nusu tu ya walichokula. Hawakuwa waongo. Kumbukumbu ya binadamu haihesabu kipande cha mkate kilichobaki kwenye sahani ya mtoto.

Jimu nayo haisaidii hesabu kama watu wanavyodhani. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaotembea mbali kila siku kutafuta mizizi, asali na nyama. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadza walikuwa wanatumia nishati sawa na Wamarekani na Wazungu wanaokaa vitini. Huenda mwili una namna ya kubana matumizi mahali pengine unapoongezewa kazi. Mazoezi yanafaa moyo, misuli na usingizi, na kila mtu mwenye presha ayafanye, lakini namba inayoonekana kwenye mashine ya kukimbilia haipaswi kuchukuliwa kama ruhusa ya kula kuku na chipsi njiani.

Sasa utafiti ambao, kwa maoni yangu, uligeuza mjadala. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, waliwalaza watu 20 ndani ya kituo kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula kilichosindikwa sana viwandani, wiki mbili chakula kilichopikwa kutoka viungo vya kawaida. Milo ililinganishwa kwa makini: kalori zilizoandaliwa, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi vilikuwa sawa. Kila mtu aliambiwa ale kadiri anavyotaka. Walipokuwa kwenye chakula cha viwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye chakula cha kawaida walipungua karibu kilo moja. Walipoulizwa, hawakusema chakula cha viwandani kilikuwa kitamu zaidi. Walikuwa wakikila haraka zaidi.

Hapo ndipo kalori na ubora vinapokutana. Kalori huamua uzito, ndiyo, lakini aina ya chakula ndiyo inayoamua utakula kalori ngapi kabla tumbo halijasema basi. Mfano mzuri umelala shambani Thika. Gramu 100 za nanasi bichi zina kalori 50 hivi, na gramu 100 za juisi ya nanasi isiyoongezwa sukari zina kalori 50 hivi. Kwa mwenye programu, hivyo viwili ni kitu kimoja. Lakini nanasi linatafunwa, linachosha taya, lina nyuzi zake, na ni wachache wanaoweza kumaliza zima kwa mkao mmoja. Glasi ya juisi inapita kooni kwa nusu dakika, na mtu anafungua mkate kana kwamba hajaweka kitu tumboni.

Christopher Gardner wa Stanford alikuwa ametoa ushahidi unaokubaliana na huo mwaka 2018. Watu wazima 609 waligawanywa makundi mawili, moja la kupunguza mafuta na lingine la kupunguza wanga, na hakuna aliyeambiwa ahesabu kalori. Wote waliambiwa wale mboga nyingi, wapunguze sukari na unga mweupe, wapike nyumbani. Baada ya miezi 12 kundi la kwanza lilikuwa limepungua kwa wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6.0, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Bila shaka kalori zilipungua, vinginevyo wasingepungua wao. Zilipungua bila mtu kuziandika.

Na kama mtu atasema hayo ni ya Wazungu, kuna kazi iliyochapishwa mwaka 2025 kutoka Kilimanjaro. Watafiti wa KCMC, Moshi, na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachunguza wanaume 77 wenye afya kwa kubadilisha chakula cha wengi wao. Waliokuwa wakila chakula cha asili cha kijijini walipewa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa mjini: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wa mjini walipewa chakula cha asili, na kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Damu ya waliohamia chakula cha mjini ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka na kinga kufanya kazi vibaya. Ya waliohamia cha asili ilielekea upande wa pili. Wiki mbili tu. Mambo hayo hayasomeki kwenye jedwali la kalori.

Kwa mtu wa ofisini, basi, jibu langu ni wazi: ahesabu kwa wiki moja au mbili ili ajue kalori zake zinatoka wapi, kisha aache. Kwa kawaida atagundua mambo mawili. La kwanza ni vinywaji: soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na vikombe vitatu vya chai vya vijiko viwili vilivyojaa vinaongeza gramu 30, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isivuke gramu 50 kwa siku kwa mtu anayetumia kalori 2,000, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. La pili ni mafuta ya kukaangia. Akishayajua hayo, kuandika kila tonge ni kazi ya bure inayomfanya achukie kula.

Mjadala huu si mgeni nchi hii ya Wakikuyu. Mwaka 1931 John Boyd Orr, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya koloni la Kenya, walichapisha ulinganisho wa chakula na afya ya Wakikuyu na Wamaasai. Mwanamume wa Kimaasai, walisema, alikuwa mrefu kwa sentimita 13 na mzito kwa kilo 10 kuliko Mkikuyu, na sababu waliiona kwenye sahani: maziwa, nyama na damu upande mmoja, nafaka, viazi na kunde upande mwingine. Wanahistoria wameupinga ulinganisho huo kwa sababu nzuri, kwani uliwatazama watu waliokwisha kunyang'anywa ardhi na kusukumwa kwenye kibarua, kisha ukalaumu chakula chao. Lakini kuna jambo ndani yake linalofaa kukumbukwa. Wanawake wa Kikuyu walionekana kuwa na afya nzuri kuliko wanaume wao, na walikuwa wakila majani ya kienyeji ambayo wanaume waliyadharau. Wanaume walishiba, wanawake walilishwa.

Majani hayo hayo, managu, terere na kunde, yalikuja kutetewa kisayansi hatua chache kutoka Thika. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja, alitumia miongo kuzitafiti mboga za kienyeji wakati wengi waliziita magugu au chakula cha maskini. Leo managu iko kwenye meza ya kila mama mboga Ruiru, na mara nyingi bei yake inazidi ya sukuma wiki. Ndiyo kejeli yenyewe: chakula kikishakubaliwa kuwa bora, maskini hukikosa.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani ubora ni jambo rahisi, kwamba cha kienyeji ni kizuri na cha kiwandani ni kibaya. Tazama unga wa ugali. Unga mweupe wa pakiti umeondolewa pumba na kiini, na pamoja navyo nyuzinyuzi, mafuta ya mahindi na vitamini kadhaa. Unaosagwa posho mili kutoka gunia la mahindi la mtu mwenyewe una vyote. Hapo mpenda ubora atasema posho mili imeshinda. Lakini tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inalazimisha unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, uongezwe virutubishi, vikiwemo madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini A, na wenye posho mili ndogo kwa kawaida hawaongezi kitu. Mjamzito anayehitaji asidi ya foliki anaweza kuipata zaidi kwenye pakiti.

Kisha kuna sumukuvu. Mwaka 2004, hasa Ukambani, ng'ambo tu ya Kilimambogo ukitokea Thika, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini, na 125 wakafa. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, sehemu zile zile tunazosifia, na kukoboa huipunguza. Wala pakiti si kinga kamili: Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa kuvuka kiwango kinachoruhusiwa. Kilichoamua wakati wote huo ni kama mahindi yalikauka vizuri kabla ya kuwekwa ghalani. Jedwali la kalori halitofautishi mahindi makavu na yaliyooza, na maneno mazuri kwenye pakiti hayaonyeshi tofauti. Ndiyo maana nasitasita watu wanapotumia neno asili kama cheti cha afya, na nasitasita vile vile mbele ya mkate uliotiwa rangi ya kahawia ukaitwa wa afya.

Sasa yule kibarua mwenye shilingi mia moja.

Kwake kalori ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote sokoni. Unga, sukari na mafuta ya kupima humpa nishati nyingi kwa shilingi chache; matunda, mayai, maziwa na mboga humpa nishati kidogo kwa shilingi nyingi. Mtu anayebeba magunia au anayevuna mananasi juani hafanyi ujinga akichagua kinachojaza. Anahitaji nishati, na hana anasa ya kuogopa kalori. Tatizo ni kwamba mkewe na watoto wanakula kutoka kwenye hesabu hiyo hiyo bila kubeba magunia. Utafiti wa idadi ya watu na afya nchini Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliopita kiasi, huku asilimia 18 ya watoto chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Namba hizo mbili zinaweza kukaa nyumba moja. Mama amenenepa na mtoto hakukua, wote wawili wakiwa wameshiba jana na juzi. Ukitumia kipimo cha kalori peke yake, nyumba hiyo haina shida yoyote.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 94 ya watu wazima hawali matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Watu hutafsiri namba hiyo kuwa ni ukosefu wa elimu. Mimi naona zaidi muda na moto. Maharagwe makavu huchukua saa mbili au tatu jikoni, na githeri ya mahindi makavu haina haraka zaidi. Mtu anayefika nyumbani Ruiru saa tatu usiku, mwenye mtungi wa gesi anaouhesabia siku, hatachemsha maharagwe. Atapika kinachoiva kwa dakika ishirini: ugali, mchele, tambi, au atanunua chipsi pale stejini. Maharagwe yanashinda kwa lishe, na bei ya kilo yake si mbaya, lakini bei ya kuyaivisha haiandikwi popote.

Ndiyo sababu nadhani mtu muhimu zaidi wa lishe katika mitaa hii ni mama anayechemsha mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa na kuyauza kwa kikombe. Anawasha moto mmoja kwa niaba ya nyumba arobaini. Karibu naye yuko mama mboga aliyekata sukuma tayari na kuiweka kwenye mfuko. Mteja akifika nyumbani anakaanga kitunguu na nyanya, anamwagia githeri, na katika robo saa ana mlo wenye protini, nyuzinyuzi na wanga unaoshuka polepole tumboni. Hakuna programu ya simu iliyowahi kufanya hivyo. Kuna wasiwasi pia, na usifichwe: sufuria hiyo inategemea maji safi, na mboga nyingine zinazouzwa mijini zimemwagiliwa maji taka. Na kuna tabia yetu ya kushushia chakula kwa chai. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga, na mwanamke mwenye upungufu wa damu angefaidika kwa kuisogeza mbele saa moja, bila kuongeza wala kupunguza kalori hata moja.

Serikali zetu nazo hufikiri kwa kalori. Julai 2022, uchaguzi ukikaribia na pakiti ya kilo mbili ya unga ikiwa imevuka shilingi 200, serikali ilitangaza ruzuku ya kuishusha hadi 100. Miaka miwili baadaye Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia; vijana waliingia barabarani, na tarehe 26 Juni 2024 Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Mkate na mafuta, bidhaa mbili za Thika, zilikuwa katikati ya hasira ile. Waliopinga walikuwa na haki, kwani kodi inayogusa nishati ya bei rahisi humgusa maskini kwanza. Lakini sikumbuki mwanasiasa aliyewahi kupigania bei ya maharagwe kwa nguvu hiyo.

Jibu lililonishawishi zaidi lilizaliwa Ruiru. Mwaka 2012 Wawira Njiru, aliyesomea lishe Australia, alianza kuwapikia watoto 25 wa shule moja ya umma mjini humo. Shirika lake, Food4Education, sasa lina majiko makubwa yanayopikia mamia ya maelfu ya watoto wa shule kila siku, na mtoto hulipa kwa kugusisha bangili ya kielektroniki. Katika mpango wa Dishi na Kaunti jijini Nairobi, ulioanza mwaka 2023, mzazi hutoa shilingi 5 kwa mlo. Chakula ni wali au githeri, maharagwe au ndengu, na mboga. Jiko linalolisha umati kwa bei hiyo haliwezi kukwepa kuhesabu: kilo ngapi za maharagwe, mafuta kiasi gani kwa sufuria, upawa una ukubwa gani, mtoto wa darasa la pili anahitaji nishati kiasi gani akilinganishwa na wa la sita. Kalori zinahesabiwa mara moja, na mtu aliyesomea, kabla moto haujawashwa. Mtoto anakula tu.

Naona hapo ndipo mgogoro wa kalori na ubora unapoisha. Kuhesabu ni kazi ya anayepikia wengi: shule, hospitali, kantini ya kiwanda. Mlaji aachiwe kazi ya kuchagua, na awekewe vitu vizuri vya kuchagua kabla hajafika mezani. Kiwanda cha Thika chenye wafanyakazi elfu moja na kantini kina uwezo wa kuweka githeri, mboga na tunda kwa bei ya chapati na soda, na kikipunguza mafuta kwenye sufuria hakuna atakayehitaji simu kujua.

Kibarua anayeajiriwa kwa siku kupitia wakala hana kantini ya kudai. Anakula getini, kwa yule mama wa sufuria, ambaye siku nyingine humkosa kwa sababu askari wa kaunti wamepita asubuhi kufukuza wachuuzi. Kaunti ya Kiambu ikitaka kuanza mahali, ianze kwa kumpa mama huyo bomba la maji safi, kibanda cha kudumu karibu na lango la kiwanda, na leseni ambayo bei yake haimlazimishi kugeukia kukaanga chipsi.